Mcheza Kwao Hutunzwa: Nafasi ya Sanaa na Ubunifu katika Uchumi wa Simiyu

Pamba inapokwisha kuchumwa na kupelekwa kwenye vituo vya kununulia, vijiji vya Simiyu huingia katika majira ya ngoma. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, viwanja hujaa watu, vumbi hupanda, na mlio wa njuga husikika toka kijiji kimoja hadi kingine. Wazee wetu walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Makala haya yanauliza swali moja: je, wachezaji, wachongaji, washonaji na watunzi wa mkoa wetu wanatunzwa kwa kadiri ya kile wanachoingiza katika uchumi wetu?

Swali hili lina uzito kwa kila mkazi wa kata. Kijiji kisicho na madawati ya kutosha, au ambacho zahanati yake bado haijaezekwa, kina haki ya kuhoji kwa nini Halmashauri ishughulike na masuala ya sanaa. Jibu fupi ni kwamba sanaa haichukui nafasi ya dawati wala dawa. Kazi yake ni kuongeza thamani ya vitu ambavyo tayari tunavyo, na kuzoeza watu wetu kubuni. Jibu refu linahitaji kutazama tulikotoka na tulipo sasa.

Sekta ya ubunifu ni nini?

Wengi wakisikia neno sanaa hufikiri juu ya burudani ya siku ya harusi. Maana yake kiuchumi ni pana zaidi. Sekta ya ubunifu inajumuisha kazi zote ambazo thamani yake kubwa hutokana na wazo, ustadi na ladha ya mtu kuliko uzito wa mali ghafi. Muziki na ngoma vimo humo. Vilevile uchongaji, ufinyanzi, ususi, ushonaji, upigaji picha, utengenezaji wa filamu, uandishi, uchoraji wa mabango na usanifu wa vifungashio vya bidhaa.

Gunia la mtama hupimwa kwa kilo. Kitenge hupimwa kwa mita, lakini vitenge viwili vyenye urefu uleule na pamba ileile vinaweza kuuzwa kwa bei tofauti kwa sababu ya mchoro tu. Tofauti hiyo ya bei ndiyo malipo ya ubunifu.

Wagika na Wagalu: shule ya kale ya uvumbuzi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jinsi sanaa inavyozaa uvumbuzi. Usukuma una vyama viwili vikuu vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake ni ya karne ya 19. Simulizi zetu zinasema vilianzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana ustadi na dawa zenye nguvu zaidi. Ubishi huo ulipewa kipimo kilicho wazi: pande mbili zicheze kwa wakati mmoja, na itakayovuta watazamaji wengi zaidi ndiyo itakayoshinda.

Tafakari maana ya kipimo hicho. Kiongozi wa ngoma, anayeitwa ningi, hakuweza kurudia nyimbo na mbinu za mwaka uliopita, kwani watazamaji wangehamia upande wa pili. Alilazimika kutunga upya, kubuni mavazi mapya, kurekebisha sauti za ngoma na kufikiria jambo ambalo umati haukulitarajia. Ndiyo maana Usukuma una wachezao na nyoka, wachezao na nungunungu, na wachezao kwa kurusha majembe hewani. Penye ushindani, kipimo kinachofahamika na watazamaji wasiodanganyika, uvumbuzi hustawi. Kanuni hiyohiyo huongoza soko la simu, mbegu au mashine za kukamua mafuta.

Urithi huu umehifadhiwa pia katika kituo cha Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, kilichoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada katika miaka ya 1950. Kila mwaka katika majira ya sikukuu ya Ekaristi, tamasha la Bulabo huwakutanisha Wagika na Wagalu hapo, na makumbusho yake hupokea wageni kutoka ndani na nje ya nchi. Ngoma iliyozaliwa kijijini imekuwa sababu ya msafiri kufika, kulala, kula na kununua.

Jembe na wimbo

Uhusiano wa sanaa na uzalishaji unaonekana zaidi katika ngoma ya bugobogobo. Leo wengi huiona jukwaani, lakini chimbuko lake ni shambani. Vikundi vya kulima vilitumia ngoma na nyimbo kuweka mwendo wa jembe, ili watu wengi wapige ardhi kwa pamoja bila kuchoka mapema. Mwimbaji hakuwa mpita njia aliyekuja kuburudisha wenye kazi. Alikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Kilimo cha pamba kilipopanuka Kanda ya Ziwa katikati ya karne ya 20, na wakulima wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, mahitaji ya nguvu kazi katika mashamba yaliongezeka. Vikundi vya kulima kwa nyimbo vilikuwa njia mojawapo ya kuyakidhi. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba wazee wetu walibuni njia ya kuongeza tija kwa kutumia muziki, wala hawakuona mpaka kati ya mbunifu na mzalishaji.

Thamani inayoongezwa: pamba, chaki na maziwa

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unaongoza nchini kwa uzalishaji wa pamba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kinachorudi kwetu ni nguo zilizofumwa, kutiwa rangi na kuchorwa na watu wengine. Mkulima wa Itilima au Bariadi anapomnunulia mkewe kanga, analipia pamba, kiwanda, usafiri na pia akili ya aliyebuni mchoro na maneno ya kanga hiyo. Kiwanda cha kufuma kinahitaji mabilioni ya shilingi. Kuchora, kutia rangi kwa mkono, kutarizi na kushona kunahitaji mtaji mdogo zaidi pamoja na ustadi mkubwa. Hapo ndipo vijana na wanawake wa kata zetu wanaweza kuanzia.

Mkoa wetu umekwisha kuonesha kuwa jambo hili linawezekana. Chini ya wazo la Wilaya Moja, Bidhaa Moja, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki, na wenzao wa Meatu wakaanza kusindika maziwa. Vumbi la jasi halina jina. Chaki iliyowekwa katika boksi lenye jina la Maswa inatambulika dukani na shuleni. Maziwa ya Meatu yaliyofungashwa husafiri mbali kuliko maziwa ya kwenye kibuyu. Katika bidhaa zote mbili, mashine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jina, rangi, kifungashio na maelezo yanayomfanya mnunuzi aamini anachokinunua.

Wazo hili lina ndugu yake Japani. Mwaka 1979, gavana wa mkoa wa Oita, Morihiko Hiramatsu, alihimiza kila kijiji kichague bidhaa moja inayotokana na mazingira yake na kuiboresha hadi ishindane katika soko la taifa na la dunia. Mafanikio ya Oita yalitokana na vijiji kuuza bidhaa pamoja na habari zake: inatoka wapi, nani anaitengeneza, na kwa nini haifanani na nyingine. Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini katika soko la leo hata chema kinahitaji kuvishwa na kutambulishwa. Wananchi waliotembelea viwanja vya Nyakabindi wakati wa maonesho ya kitaifa ya Nane Nane, kuanzia mwaka 2018, walijionea wenyewe namna banda lililopangwa vizuri linavyovuta wanunuzi, huku banda la jirani lenye bidhaa ileile likibaki bila mgeni.

Uvumbuzi huanza na kilichopo

Jambo lingine ambalo wasanii hutufundisha ni kutumia kilichopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa nchi yetu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini za dari akitumia rangi za baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za gharama. Alifariki mwaka 1972 akiwa bado kijana, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na leo picha za Tingatinga zinajulikana duniani kote na zinalisha familia nyingi.

Kwetu Simiyu kuna ngozi, pembe, udongo wa mfinyanzi, vibuyu, ukindu na pamba yenyewe. Fundi wa ngoma anajua kuchagua gogo, kukausha ngozi na kuivuta mpaka itoe sauti anayoitaka. Ujuzi huo ni teknolojia. Ukiwekwa pamoja na ujuzi wa kijana anayejua kupiga picha na kuuza kwa njia ya simu, bidhaa iliyokuwa ikiishia mnadani inaweza kumfikia mnunuzi wa Mwanza, Arusha au ng'ambo.

Fedha ya ngoma huzungukaje?

Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo msomaji anaweza kuibadilisha kwa bei za kijijini kwake. Kikundi cha wachezaji 20 kinaalikwa harusini kwa shilingi 600,000. Kinatumia 80,000 kwa usafiri, 70,000 kwa chakula, 100,000 kukodi vipaza sauti, na kinaweka 50,000 kwa matengenezo ya ngoma na mavazi. Nusu ya fedha, yaani shilingi 300,000, imekwisha kuingia mikononi mwa dereva, mama lishe, mwenye vipaza sauti, mshonaji na muuza ngozi. Nusu inayobaki inagawanywa, kila mchezaji akipata 15,000, ambazo hutumika kununua mahitaji dukani, kulipa ada au kuongeza mbegu.

Kwa hiyo siku moja ya ngoma huajiri watu wengi kuliko wale wanaoonekana uwanjani. Na pale ambapo biashara hizo zina leseni, au zinapofanyika sokoni na mnadani panapolipiwa ushuru, sehemu ya fedha hiyo huingia katika mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo ndiyo hugharimia huduma tunazozidai.

Takwimu za taifa zinasemaje?

Mwaka 2021, shughuli za sanaa na burudani nchini zilikua kwa asilimia 19.4, zikiwa miongoni mwa shughuli za kiuchumi zilizokua kwa kasi kubwa kabisa. Takwimu hii isomwe kwa uangalifu. Mwaka uliotangulia, shughuli hizo zilikuwa zimeporomoka kwa sababu ya janga la UVIKO-19, hivyo sehemu ya ukuaji huo ilikuwa ni kuinuka baada ya kuanguka. Aidha, mchango wake wa moja kwa moja katika Pato la Taifa bado ni chini ya asilimia moja.

Lakini takwimu hiyo haihesabu kila kitu. Mshonaji wa mavazi ya ngoma huhesabiwa katika viwanda, mwenye nyumba ya wageni katika malazi, na dereva katika usafirishaji. Wachezaji wengi wa vijijini hawahesabiwi popote, kwa kuwa hawajasajiliwa wala hawatoi risiti. Shirika la UNESCO, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa sekta za utamaduni na ubunifu huchangia asilimia 3.1 ya pato la dunia na asilimia 6.2 ya ajira zote. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ina somo: sekta hii huajiri watu wengi, lakini wengi wao hupata kidogo. Kazi iliyo mbele yetu ni kupunguza pengo hilo hapa kwetu.

Mlango wa Lamadi

Mkoa wetu unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wageni wanaotoka Mwanza kuelekea lango la Ndabaka hupita Lamadi, wilayani Busega. Wengi hupita bila kusimama. Mgeni aliyesafiri maelfu ya kilomita kumwona nyumbu angefurahi pia kumwona Msukuma akicheza na chatu, kujifunza mchezo wa isolo, au kununua kapu lililosukwa Bariadi, ikiwa tu angejua vitu hivyo vipo, vinapatikana saa ngapi na kwa bei gani. Kupanga ratiba, kuweka bango na kuwa na bei inayojulikana hakuhitaji mtaji mkubwa. Kunahitaji kikundi chenye nidhamu.

Kazi isiyo na mwenyewe

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Katika hesabu yetu ya mfano, kikundi kilipata shilingi 600,000. Tuseme siku hiyohiyo mtu mwingine alipiga picha za video, akaziweka katika mtandao, na zikatazamwa kwa miaka mitano. Ikiwa hapakuwa na makubaliano, mapato yote ya video hiyo yatakwenda kwake, na kikundi kitabaki na kumbukumbu.

Historia ina onyo. Mwaka 1939 mwanamuziki wa Afrika Kusini, Solomon Linda, alirekodi wimbo wa Mbube, akauza haki zake kwa malipo duni. Wimbo huo, kwa jina lingine na maneno ya Kiingereza, ulizunguka dunia na kuingiza fedha nyingi mno. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata haki kwa njia ya makubaliano mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Sheria ya Tanzania inatoa kinga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoikamilisha kazi yake, na ulinzi huo huendelea kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyohiyo inatambua sanaa za jadi za jamii, ambazo hazina mtunzi mmoja, na kuweka utaratibu wa idhini pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Lakini sheria haimsaidii asiyeweza kuthibitisha kuwa kazi ni yake. Ndiyo sababu usajili na maandishi ni muhimu.

Huduma ambazo mkazi wa kata anaweza kuzitumia

Kwa msanii, fundi au kikundi kinachotaka kuingia katika njia rasmi, hatua ni hizi:

1. Kikundi kiwe na katiba, viongozi, daftari la mapato na matumizi, na akaunti ya benki. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata huelekeza namna ya kukisajili.

2. Kwa kazi za sanaa, Afisa Utamaduni wa Halmashauri huelekeza namna ya kujisajili katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984.

3. Nyimbo, picha, filamu na maandishi visajiliwe katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ili pawe na ushahidi wa umiliki.

4. Jina la biashara na alama ya bidhaa husajiliwa na BRELA. Alama ya biashara hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

5. Mikopo isiyo na riba hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kinachotazamwa ni shughuli halali ya kujiingizia kipato. Kikundi cha washonaji, wafinyanzi au watengenezaji wa ngoma kinaweza kuandaa andiko la biashara sawa na kikundi cha wafuga kuku.

6. Kabla ya kurekodiwa au kupigwa picha kwa ajili ya biashara, makubaliano yaandikwe hata katika ukurasa mmoja: nani anamiliki kazi, itatumika wapi, kwa muda gani, na mapato yatagawanywaje. Kila upande ubaki na nakala iliyotiwa saini.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mkopo ni deni. Kikundi kinachokopa ili kununua vipaza sauti vya bei kubwa kabla hakijapata wateja kitajikuta kikiviuza kwa hasara. Ni heri kuanza kwa kukodi, kuhesabu mialiko ya msimu mmoja, ndipo kukopa kwa kiasi ambacho daftari linathibitisha kuwa kinaweza kulipika.

Wagika na Wagalu walituachia kanuni iliyo hai mpaka leo: umati huhamia palipo na ubunifu. Kwa kipimo hicho, ndugu wananchi, wajibu umegawanyika. Msanii abuni na ajisajili. Halmashauri itoe maelekezo na mikopo kwa haki. Nasi watazamaji, tunapoalika ngoma, tunaposhona sare au tunaponunua zawadi, tuanze na wale walio katika kata zetu, tena tuwalipe bei ya haki bila kuwapunja kwa kuwa ni majirani. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa, na wa kumtunza ni sisi tuliosimama uwanjani.